Namba Tuliyowaimbia Kwenye Beseni

Zawadi, binti yangu, mama yangu,

Umeenda kusuka nywele kwa jirani, mama yako iko nyuma ya nyumba anapara samaki ya kukufungia kwa safari ya Kampala, na umeme umekatika tangu saa nane. Ordinatere zote, kompyuta za atelie yangu, zimenyamaza, hakuna muteja hata mumoja, na mimi nimejifungia huku mbele na kalamu kama mutu anayefanya kazi.

Mambo ya koti, ya dawa ya malaria, ya kutoshika simu karibu na dirisha la basi, sitayaandika. Mama yako amekwisha kukuimbia yote, na kesho asubuhi atayarudia mpaka chofere apige honi. Mimi nataka kukuambia makosa yangu. Ni mengi, siku haitoshi, basi nitachagua mawili. La kwanza umewahi kusikia nusu yake. La pili nilikuwa nalijua peke yangu, na mwanamuke mumoja wa Aru, mpaka leo muchana nilipomwambia mama yako. Bado amekasirika. Ukirudi na nywele zako atakuwa amekuambia upande wake, kwa hiyo acha niandike upande wangu kabla hajanitangulia.

Najua hujanisemesha tangu Jumapili. Umenipa chai, umenipa maji ya kunawa, umesema "ndiyo papa" na "hapana papa", lakini hiyo si kusema. Uko na haki. Baba mukubwa wako alitoka Bogoro, akakaa kwenye sebule yetu na wazee wengine wawili, akasema yaya wako Héritier, kijana wetu mukubwa, sasa ni miaka mitatu hajaonekana. Akasema kuna kijana aliyerudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu, anaeleza kwamba shimo liliwaangukia watu, na mumoja wao alikuwa mutoto wa Bunia. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema baba mukubwa. "Jumapili inayokuja tuweke matanga. Watu walie, vitu vyake vigawanywe, tumalize." Na mimi, mimi papa yake, nikasema: "Sawa."

Weye ukasimama. Ulikuwa umeshika sahani ya karanga. Ukasema: "Papa, ni weye ulinifundisha. Kitu kama huna hakika kwamba hakuna anayekishika, hukifuti." Ukaweka karanga chini taratibu, ukatoka. Baba mukubwa akaniuliza, "Huyu mutoto anasema nini?" Nikamujibu kwamba ni mambo ya masomo. Wazee wakacheka kidogo, wakaendelea na karanga.

Hayakuwa mambo ya masomo, na mimi nilijua. Barua hii ni jibu ambalo sikukupa siku ile. Itaanzia mbali, unajua papa yako hawezi kueleza hata namna ya kupika chai bila kuanza na kisima. Univumilie.

Ulikuwa mudogo, hujaingia shule, wakati niliposhika kazi kwenye ofisi moja iliyokuwa inatafuta wazazi wa watoto waliopotea kwenye kukimbia vita. Tulikuwa na mashine moja, muzee sana, yenye nafasi kidogo. Mimi nilikuwa kijana mwenye kiburi. Nilijitungia luga yangu ndogo ya programu, na programu ya fishi, yaani rekodi za watoto, nikaiandika kwa luga ile. Sasa ndani ya mashine kila jina, kila kijiji, kila alama ya mwilini inakaa pahali pake, na pahali pale pana adrese, namba ya kupafikia. Vitu vinaingia, vinatumika, vinaachwa. Vilivyoachwa lazima viondolewe, la sivyo mashine inajaa na kusimama. Kwa hiyo unahitaji mufagiaji. Kule Kampala walimu watakupa jina lake kubwa. Kwenye daftari yangu niliandika hivyo tu, mufagiaji.

Mufagiaji iko na swali moja: hiki kitu, kuna anayekishika bado? Kama adrese yake imeandikwa pahali fulani, basi kinashikwa. Kama haimo popote, ni takataka. Na wafagiaji, mama, wako wa aina mbili. Niliwapa majina. Wa kwanza nilimuita Mujuaji. Huyu anajua kila adrese kwa hakika, sababu weye mwenye kuandika programu umemuandikishia: hiki nimekishika, na hiki, na hiki. Anafuata zile tu, mengine yote anafagia. Wa pili nilimuita Muoga. Huyu hajaandikishiwa kitu. Anapita kila pembe, anakuta namba, anajiambia: namba hii inafanana na adrese. Labda ni umri wa mutu tu, labda ni namba ya kadi. Lakini kama ni adrese? Acha nisikiguse.

Mimi nilichagua Mujuaji, bila shaka. Nilikuwa nasema Muoga ni wa watu wasiojua kazi yao. Kila pahali programu iliposhika kitu kipya niliongeza musitari wa kukiandikisha. Niliandika misitari ile mpaka vidole vikauma, na nikasahau mumoja. Ni pahali padogo kabisa, kati ya kusoma jina la mutoto na kulibandika kwenye fishi yake. Mufagiaji akipita wakati ule ule, analikuta jina halina mwenyewe, analiondoa, na pahali pake panaingia jina la mutoto mwengine. Majuma mengi hakupita wakati ule. Nikajisifu. Kisha akapita.

Mama mumoja alikuja kwa miguu, viatu vyake amevifunga kichwani na kitambaa sababu njia ilikuwa na matope. Akataja jina la mutoto wake, kijana wa miaka sita. Nikatafuta jina kwenye mashine. Nikamwambia, "Mama, mutoto haiko." Sikusema "sijamuona". Nilisema "haiko", na sauti ya mutu anayejua. Akaenda kumutafuta mbali, siku mbili za miguu. Siku ya tatu mufanyakazi mwenzangu akaona fishi ya kijana wa miaka sita, kovu kwenye sikio, kijiji kile kile, na jina la musichana. Mutoto alikuwa anacheza nyuma ya ofisi wakati wote ule. Tukatuma mutu amurudishe mama yule. Alipofika, akamukumbata mutoto wake, akakaa chini akamupa mukate, na mutoto alipomaliza kula, mama akainua macho akaniuliza bila kukasirika: "Sasa uliniambia haiko juu ya nini?"

Jibu lake ninalitafuta mpaka leo.

Juma lile lile niliondoa Mujuaji, nikaweka Muoga. Na nikuambie kweli, Muoga hakupoteza jina hata moja. Lakini mashine ikaanza kuwa nzito. Liste, orodha za watoto waliokwisha kurudi kwao zamani zilibaki ndani. Siku moja nilihangaika muchana mzima nikitafuta ni nini kinachoshikilia liste moja kubwa iliyokufa. Unajua ilikuwa nini? Namba ya kadi ya bibi mumoja. Haikuwa adrese, ilifanana tu. Nilicheka peke yangu. Na zaidi ya hayo, Muoga hawezi kuhamisha kitu. Ili uhamishe kitu, lazima usahihishe adrese yake kila pahali ilipoandikwa. Sasa kama huna hakika ile namba ni adrese au ni kadi ya bibi, utasahihisha nini? Utaharibu kadi ya bibi. Kwa hiyo kila kitu kinabaki pale kilipoanguka, na nafasi zinabaki vipande vipande katikati, haziwezi kutumika.

Unaona ninakoelekea. Nyumba yetu, tangu Héritier aende, imekuwa nyumba ya Muoga. Kitanda chake kimebaki katikati ya chumba, pale alipokiacha, na shuka ile ile. Mama yako alikataa kisisukumwe hata kidogo. Weye umelala kwenye matela, godoro la chini, kati ya kitanda na ukuta, miaka mitatu, ndani ya chumba chako mwenyewe, ukiamka unapiga goti kwenye chuma. Na ile mara ya kwanza ulipopata nafasi ya kusoma Kampala ukasema, "Mwaka ujao, papa, sasa nani atabaki na mama?" Nilijua si kweli kwamba ulitaka kubaki. Nilinyamaza sababu ilinifaa. Unisamehe hilo kabla sijafika kwenye lingine.

Sasa lingine.

Ile miaka ya kukimbia, weye hukumbuki vizuri, watoto wa huku walifundishwa namba ya simu kabla ya alfabeti. Mama wengine walishona karatasi ndani ya pindo la nguo. Mama yako hakuamini karatasi. "Nguo inavuliwa," alikuwa anasema, "kichwa hakivuliwi." Akawaimbia namba yangu kwenye beseni la kuogea, kwa Kifaransa namna tunavyotaja namba siye, na kila namba akimwaga kikombe cha maji. Ukikosea, unarudia tangu mwanzo na maji yanarudi. Héritier alikuwa anaimba kwa kupiga kelele mpaka jirani wanacheka. Weye, ile themanini ya Kifaransa, "quatre-vingt", ulikuwa unasema "katevan", unameza nusu, na mama yako anakuosha mara ya pili sababu ya ile katevan.

Siku Héritier aliyoondoka tulikuwa tumegombana, unakumbuka, juu ya masomo aliyoyaacha. Nilimwambia maneno ambayo ningetoa mukono nisiyaseme: "Ukitoka kwa mulango huu, usinitafute." Akatoa telefoni yake mufukoni, ile niliyomununulia, akaiweka juu ya kitanda, akaenda. Hakubeba namba hata moja isipokuwa ile ya beseni.

Mwaka mumoja baada ya hapo, rezo, mutandao wa kadi ya simu yenye namba ile, ikawa haishiki tena huku Saio, mutaa wetu wa Bunia. Nikachukua namba mupya. Nikawapa wote: wateja, kanisa, shule yako, baba mukubwa. Kadi ya zamani nikaitupia ndani ya kopo la maziwa pamoja na visikrubu. Nilijua vizuri kwamba namba ikilala miezi mingi bila kuongea, wenye rezo wanaichukua na kumupa mwengine. Na wao wako na mufagiaji wao. Jumamosi moja nikafanya usafi wa atelie. Nikafungua kopo, nikaishika ile kadi kwenye vidole, nikajiuliza lile swali: nani anaishika namba hii bado? Nikapita liste zangu zote. Wateja, hapana. Kanisa, hapana. Shule, hapana. Haimo popote. Nikaitupa, nikafagia, nikajisikia vizuri kabisa.

Nilitafuta kwenye karatasi zote, Zawadi. Sikutafuta kwenye kichwa cha mutoto wangu.

Ilipita miezi. Siku moja mama yako alikuwa anafua, na mikono ikiwa ndani ya sabuni, bila kufikiri, akaanza kuimba ile namba. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Ilianguka. Nikakimbilia telefoni, nikaipiga namba yangu mwenyewe, na mwanamuke akaitika: "Allo, nani?"

Huyo ndiye Mama Salima. Anauza vitenge Aru, karibu na duane, forodha ya mupaka. Alikuwa ameinunua namba ile ndani ya kadi mupya kwenye meza ya barabarani. Siku ya kwanza alinitukana vizuri, akasema wanaume wote waongo wanaanza hivyo, "namba yako ilikuwa yangu". Siku ya pili nikapiga tena, nikamueleza yote mbio mbio kabla hajakata. Hakukata. Kisha akauliza, "Mutoto mwenyewe iko na miaka ngapi?" Nikamuomba anirudishie namba. Akakataa. "Papa," akasema, "wateja yangu wa ng'ambo ya mupaka wote wanashika hii. Nikiiacha, na mimi nitapotea." Alisema kweli, sikuweza kubishana. Lakini nikamusikia anaita mutu amuletee kipande cha makala, ule mukaa wa jikoni, akaniambia nimutajie namba yangu mupya polepole, na akaiandika kwenye ubao wa duka lake. "Mutu akipiga akiuliza papa wake," akasema, "nitamutuma kwako."

Sasa sikia. Kuna Mujuaji aliyekomaa, nimemusoma kwenye vitabu zamani, na weye utamusoma. Huyo anahamisha vitu bila kuogopa, lakini kila anapohamisha kitu, pale pa zamani anaacha karatasi: nimehamia pale. Anayekuja na adrese ya zamani haambiwi "haiko". Anatumwa mbele. Nilidhani ni ufundi wa kufanya mashine iende mbio. Ilinipasa kufundishwa na muuza vitenge wa Aru, na kipande cha makala.

Kila mwezi nimempigia kumuuliza kama kuna kitu. Nilikuwa napigia nje, karibu na ukuta wa choo, kwa sauti ya chini. Weye ulinikuta mara moja ukaniangalia na lile jicho. Mama yako alikuta jina kwenye telefoni: "Mama Salima wa Aru ni nani?" Nikasema ni muteja. Nikakula bugali baridi siku tatu. Ndiyo ujue aibu ni kitu gani: nilipenda mama yako afikiri niko na mwanamuke Aru, kuliko ajue kwamba nilitupa njia ya mutoto wake pamoja na visikrubu.

Sasa Jumapili, kwa nini nilisema "sawa". Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mama yako. Kabla wazee hawajafika aliniambia jikoni: "Mimi sitaki kumuzika. Nataka kulia tu. Miaka mitatu ninazuia machozi sababu watasema nimemukatia tamaa. Niache nilie." Usimuhukumu. Kushika kitu miaka yote mikono ikiwa juu, mutu anachoka.

Ya pili ni yangu. Kama Héritier amekufa ndani ya shimo, basi hakuipiga ile namba. Na kama hakuipiga, mimi sikumukosea. Nilikuwa tayari kumuzika mutoto wangu ili kosa langu lizikwe naye. Nimeandika hayo, nimeyasoma, nimetaka kuyafuta. Ninayaacha.

Leo asubuhi Mama Salima alinipigia yeye mwenyewe. Hajawahi. Akaniambia juzi Jumatano mutu alipiga, sauti ya mwanaume, upepo mwingi, rezo inakatika. Akasema maneno mawili: "Papa iko?" Mama Salima akamuuliza, "Papa wa nani?" Ikakatika. Alijaribu kuirudia ile namba siku nzima, telefoni imefungwa. Jana ikashikwa na muzee mumoja anayekaa kwenye kilima, upande wa machimbo kule, pale watu wanapopanda kutafuta rezo. Anakodisha telefoni yake. Akasema vijana wanaipiga kutwa, yeye hajui ni nani alipiga nini.

Basi, ni hayo tu. Kila mwanaume iko na papa yake. Labda alikosea namba moja. Labda alikuwa anatafuta papa wa Aru. Nimeigeuza kichwani asubuhi nzima, na siwezi kusema ni yeye. Lakini siwezi kusema si yeye. Inafanana. Na mimi nilishawahi kumwambia mama mumoja "haiko" wakati mutoto alikuwa nyuma ya nyumba.

Nikaenda uani nikamwambia mama yako yote. Kopo, kadi, choo, makala, "sawa". Alikuwa na kisu na samaki mukononi. Akaniangalia. "Kumbe Mama Salima ni huyo!" akasema, akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikageuka. Kisha akanitupia samaki, ukitaka shahidi angalia shati langu. Nikamuokotea, nikaiosha, nikakaa chini karibu naye. Akaendelea kupara magamba. Mwishoni akasema: "Jumapili watu wakuje. Nitalia, na sitamuomba mutu ruhusa. Lakini hakuna matanga. Hakuna mutu atagusa kitu cha mutoto wangu." Nikainuka. Nilipofika mulangoni akaniita. "Na kile kitanda tukisukume kwenye ukuta. Zawadi akirudi kwa vakansi ya masomo apate pahali pa kulala."

Tumekisukuma siye wawili. Kilikuwa kizito, au siye tumezeeka. Hatukukitoa, tumekihamisha. Chini yake tumekuta sandali yako ya kijani, ile uliyosema nimeitupa mimi. Kwa hiyo katika nyumba hii kuna kitu kimoja sikukitupa, na ninaomba uandike.

Baba mukubwa nimemupigia. Akasema tunacheza na wafu. Nikamwambia akuje Jumapili akule na siye, atamukuta mama yako akilia, na asibebe kitu cha kugawia. Amekata simu. Atakuja, ninamujua, ataleta na maharagi.

Mama, unaenda kuishi pahali ambapo sitajua unakula nini wala nani anakuchekesha. Utageuka, na ni lazima ugeuke. Mimi sitaki ubaki pale ulipoangukia kwa ajili ya kutuogopea siye. Penye unajua kweli, ujue bila haya, na uachilie kinachotakiwa kuachiliwa, hata maneno yangu mengine. Lakini kabla ya kuachilia, jiulize vizuri ni nani ambaye hukumuandika kwenye liste. Mimi hapo ndipo nilipoangukia, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na mvi. Na ukikosea, sema juma lile lile. Usingoje mwaka na zaidi karibu na ukuta wa choo.

Kuna kazi moja nakupa. Basi lenu litasimama Aru kwa ajili ya karatasi za mupaka. Shuka, uliza duka la Mama Salima, utaona namba ya makala kwenye ubao. Ile samaki iliyofungwa na kitambaa chekundu si yako, ni yake, mama yako ndiye ameichagua na amechagua ile kubwa. Musalimie. Na ukisha kupata namba yako ya Uganda, mutumie, aiandike chini ya yangu. Ili yaya wako, akipiga siku nimelala au siku nimekufa, asikute njia imefungwa.

Na weye mwenyewe, ukipotelewa na telefoni, ukipotelewa na kila kitu, kuna kimoja hawawezi kukuvua. Imba na katevan yako. Namba ile si yetu tena, lakini njia bado inafika. Mwanamuke wa Aru ataitika. Usimueleze mambo mengi. Uliza tu, "Papa iko?"

Niko.

Papa yako